Ua la Njia ya Jikoni

Katika Shule ya Upili ya Olmoran, Kitengela, palikuwa na chumba kimoja ambacho kila kitu ndani yake kilijua mahali pake. Chupa zilisimama kwa kimo, fupi mbele na ndefu nyuma. Mifupa ya ng'ombe ilipangwa kuanzia kichwani hadi mkiani, kana kwamba mwenyewe angerudi kuichukua. Hata ufagio ulikuwa na msumari wake ukutani, na juu ya msumari huo palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Ufagio". Chumba hicho kilikuwa cha Klabu ya Sayansi, na aliyekitunza hivyo ni Mwalimu Mbithi wa biolojia, mtu mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti darasani, ila alishindwa kabisa kupita penye picha iliyoning'inia upande bila kuinyoosha.

Muhula wa pili wa mwaka wa 2002 ulipoanza, mwalimu mkuu, Bi. Nalangu, alisimama kwenye mlango wa chumba hicho akatazama huku na huku kwa muda mrefu.

"Mwalimu Mbithi, hiki chumba ni kizuri sana," alisema. "Ni kikavu. Hakuna panya."

"Asante, madam," Mbithi alijibu kwa furaha.

"Maharagwe yatapenda hapa."

Mbithi akageuka kuzitazama chupa zake. Bi. Nalangu akaeleza bila kuzungukazunguka: paa la stoo ya chakula lilikuwa linavuja, magunia yalikuwa yameanza kuota, na wanafunzi hawawezi kula sayansi. Zaidi ya hayo, mwaka uliotangulia klabu ilikuwa imekwenda kwenye Kongamano la Sayansi la wilaya, mjini Kajiado, na mtambo wa kufukuza nzi ambao, kwa sababu ambazo hazijaeleweka hadi leo, uliwaita nzi wa ukumbi mzima.

"Mimi si mtu mbaya," alimalizia. "Mkifika Nakuru, kwa mashindano ya mkoa, sitasema neno tena. Mkikwama Kajiado, maharagwe yanaingia Jumatatu yake."

Mbithi aliwaza juu ya jambo hilo siku kadhaa, na wazo likamjia kutoka gazetini. Wataalamu walikuwa wamechapisha habari mpya za mmea wa kale uliopatikana katika mawe ya Uchina, mmojawapo wa mimea ya kwanza yenye maua inayojulikana duniani. Alisoma habari hiyo mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili kwa kalamu mkononi, kisha akawasomea wanachama wa klabu.

"Mmea huu uliishi majini," aliwaambia. "Ulikuwa mwembamba, na maua yake hayakuwa na petali hata moja."

"Sasa hilo ni ua ama ni nyasi?" aliuliza Opiyo wa Kidato cha Tatu, kijana ambaye mdomo wake ulitangulia mkono wake kila alipotaka kuuliza swali.

"Ni ua, kwa sababu mbegu zake zimefungiwa ndani ya ganda. Mbegu za msonobari hukaa wazi juu ya magamba ya koni, lile tunda lake kavu. Za ua zina chumba. Hapo ndipo penye tofauti."

Akawaeleza pia kwamba hapo kwanza wataalamu walidhani mawe yale yana umri wa zaidi ya miaka milioni mia moja na arobaini. Kisha majivu ya volkano yaliyokuwamo katika tabaka zile yakapimwa vizuri, na umri ukashuka hadi milioni mia moja ishirini na tano hivi. Mahali pengine duniani palikuwa pamepatikana chembe za chavua ya maua, ndogo zisizoonekana kwa macho, katika mawe yenye umri mkubwa kidogo kuliko huo. Kwa hiyo ua la kwanza kabisa lilikuwa bado halijaonekana.

"Walishusha umri wenyewe? Hawakuona haya?" aliuliza Dolphine, katibu wa klabu.

"Wangeona haya kama wangeuacha," alisema Mbithi.

Wakaamua kwamba maonyesho yao yatakuwa juu ya ushahidi wa maua katika mawe. Picha za Uchina wangezichora. Mawe yao wenyewe wangeyatafuta upande wa Mashuuru, ambako mzazi mmoja, Mzee Tajeu, alikuwa na korongo lenye mawe laini yanayobanduka kama kurasa za kitabu kilicholowa.

"Sopa, mwalimu!" Tajeu aliwapokea kwa salamu ya Kimaasai Jumamosi moja, rungu begani.

"Epa, mzee!"

"Mbuzi wangu wanapita hapa kila siku na hawajawahi kuona ua. Lakini nyinyi mko na macho ya shule. Tafuteni."

Lile korongo lilikuwa limechimbwa na maji katika kitanda cha ziwa la zamani, ziwa lililokauka kabla mtu yeyote hajapewa jina. Majivu ya volkano yalikuwa yametua ndani yake tabaka kwa tabaka, yakafunika kila kilichoanguka majini. Wanafunzi walibandua na kuchokoa hadi jua likawachapa barabara, na jioni wakarudi Kitengela na magunia mawili ya mawe nyuma ya pikapu ya Tajeu, nyuso zao nyeupe kama za waokaji mikate.

Wiki iliyofuata Mbithi aliitwa Kajiado kwenye kikao cha kutunga mitihani. Kabla ya kuondoka alitoa maagizo mafupi: mawe yasafishwe, yaliyo bora yachaguliwe, yapangwe mezani. Alipanda gari akiwa ametulia, maana hakuona ni wapi maagizo hayo yangeweza kupotoka.

Mama yake Dolphine, Jentrix, alikuwa msimamizi katika shamba moja la waridi kwenye barabara ya kwenda Isinya. Alikuwa ametoka Bungoma na familia yake miaka mingi nyuma kufuata kazi hiyo, na sasa hakuna aliyempita kwa kupanga maua kwa gredi katika chumba cha kupakia. Aliposikia kwamba shule inachagua maua, hata kama ni ya mawe, alikuja siku yake ya mapumziko akiwa amevaa aproni.

"Haya, watoto, sikilizeni," alisema huku akikunja mikono ya blauzi. "Kuchagua maua si mchezo. Shina refu, gredi ya kwanza. Kichwa kikubwa, kilichofunguka vizuri, gredi ya kwanza. Shina fupi, rijekti. Kichwa kidogo, rijekti. Yenye imepasuka, rijekti. Mnunuzi wa Ulaya hana huruma."

"Na jaji wa Kajiado je?" Opiyo akauliza.

"Huyo ni mnunuzi pia. Leta hilo jiwe."

Kazi ikashika kasi. Jentrix alilitupia jiwe jicho moja tu, akatamka gredi, na Dolphine akalitia mahali pake. Mbithi aliporudi alikuta meza imetandikwa kitambaa cha buluu, na juu yake mawe yamepangwa kwa safu zilizonyooka, makubwa nyuma, madogo mbele. Kila moja lilikuwa na picha nyeusi ya kupendeza: matawi yaliyotandaa, vichaka, mashada yaliyofunguka kama mkia wa tausi. Mwalimu aliizunguka meza yote. Hakuwahi kuona meza iliyopangwa vizuri namna ile. Alimpa Jentrix mkono, akawasifu wanafunzi mmoja mmoja, akafunga mlango kwa ufunguo. Mpangilio ulikuwa umemfurahisha kiasi kwamba siku nyingi zilipita asikumbuke kuyachunguza mawe yenyewe.

Kongamano lilikuwa limebakiza siku chache alipokaa kuandika vibandiko. Alichukua jiwe zuri kuliko yote, akaweka lenzi jichoni. Akalihamisha jiwe dirishani. Akachukua la pili, na la tatu. Hatimaye aliketi, akaiweka lenzi mezani polepole, sambamba na ukingo wa meza.

"Kuna nini, mwalimu?" Dolphine aliuliza.

"Njoo utazame. Jani huwa na mishipa inayokutana, na huwa na ukingo, mahali linapoishia. Unaona mishipa?"

"Sioni."

"Unaona ukingo?"

"Inaendelea tu... inaanzia hapa kwa ufa, halafu inatawanyika. Kama chai imemwagika kwa kitambaa."

"Ndivyo ilivyo. Maji yenye madini meusi yaliingia kwenye ufa, yakasambaa, yakakauka. Haya matawi hayajawahi kuwa hai."

Ili asimwonee mtu, alichukua nyundo akalipasua moja. Jani lililozikwa ziwani hulala kwenye tabaka moja, kama barua ndani ya kitabu. Picha ile nyeusi ilikuwa imekata tabaka kadhaa kufuata ufa wake, bila kujali kurasa. Yaliyobaki yalikuwa vivyo hivyo, yote.

"Kwa hivyo tumepanga uchafu?" Opiyo aliuliza.

"Tumepanga uchafu vizuri sana," Mbithi alikiri, na kicheko kikamponyoka. Alikwisha kuona magunia ya maharagwe yakiegemea mifupa ya ng'ombe. "Kosa ni langu. Niliwaambia mchague bora, nisiwaambie bora ni nini. Mengine yako wapi?"

"Mengine gani?"

"Ambayo hayakuchaguliwa."

Wanafunzi wakatazamana. "Rijekti?" Dolphine alisema kwa sauti ndogo. "Tulimpa Bwana Masila."

Bwana Masila alikuwa mpishi. Yeyote aliyekaa Kitengela msimu wa mvua anaujua udongo wake mweusi, jinsi unavyong'ang'ania kiatu hadi mtu anarudi nyumbani amerefuka. Njia ya kutoka bombani hadi jikoni ilikuwa tope tupu tangu Machi, na Masila alikuwa amezama humo na ndoo zake mara zisizohesabika. Alipopewa gunia zima la mawe bapa aliyapokea kama zawadi ya arusi. Akajenga njia.

"Hapana," alisema walipofika. Alisimama katikati ya njia yake, mwiko wa githeri mkononi. "Mwalimu, wewe ni wa kwetu kabisa, tunatoka Ukambani mmoja. Unataka kunirudisha kwa tope?"

"Ni kwa ajili ya sayansi, Bwana Masila."

"Sayansi inavaa viatu. Mimi niko na ndala."

"Huenda umekanyaga ua la kale kila siku," Opiyo alimwambia.

"Kama ni la kale hivyo, limezoea."

Mbithi hakubishana. Alifikiri kidogo, kisha akamwuliza Masila kama angekubali jiwe kwa jiwe: kila litakalong'olewa njiani litazibwa papo hapo na jingine, kubwa zaidi, na lenye picha. Masila akataka kwanza kuyaona. Dolphine alileta moja la gredi ya kwanza, lenye kichaka cheusi kilichofunguka vizuri. Mpishi alilipiga na mwiko, akalisikiliza.

"Hili ni jiwe," alisema. "Leteni. Lakini baada ya chakula cha mchana."

Alasiri hiyo klabu nzima ilipiga magoti kwenye tope. Jentrix alikuja moja kwa moja kutoka kazini akiwa bado na gambuti, maana habari zilikuwa zimemfikia na hakutaka aambiwe kwamba aliwapotosha watoto akajificha. Waliling'oa jiwe moja, wakaliosha kwa ndoo, wakalibandua kwa kisu, Mbithi akatazama kwa lenzi. Jiwe tupu. Jingine, tupu. Jingine lilikuwa na kipande cha jani la kweli, lenye mishipa kama kiganja cha mzee, na wote wakapiga makofi. Lakini jani peke yake halikutosha. Mbithi alitaka chumba cha mbegu.

Jua lilikuwa limeinama Jentrix alipobandua kijiwe kilichokuwa kimekandamiza ukingo wa njia karibu na mlango wa jikoni, bado na alama ya supu. Alitazama mara moja.

"Dogo. Limepasuka. Shina hakuna," alisema, akalitupa nyuma yake.

"Mama!" Dolphine alilirukia kabla halijazama kwenye tope. "Umelitupa tena!"

"Mkono umezoea, mwanangu, ufanyeje?"

Dolphine aliliosha, akamkabidhi mwalimu. Mbithi aliweka lenzi. Palikuwa na ganda dogo, refu kama ukucha wa kidole cha mwisho, lililopasuka kwa urefu wake. Ndani, kila moja katika kitanda chake, zilikaa mbegu kwa mstari mmoja ulionyooka. Alizihesabu moja moja.

"Halina petali," alinong'ona Jentrix kando yake.

"Petali zilimaliza kazi yake, zikaanguka. Hili ndilo lililobaki ua lilipokomaa: chumba chenye mbegu ndani. Mama Dolphine, umelipata wewe."

"Nimelitupa mara mbili."

"Lakini umelipata mara mbili pia."

Vigelegele vya Jentrix vilimtoa Masila jikoni akidhani kuna moto. Walipotulia, Opiyo alikuwa na wazo.

"Mwalimu, tuseme liko na miaka milioni mia moja thelathini. Tunawapita Wachina, tunaenda Nakuru, maharagwe yanalala nje. Nani atapima?"

Wengine walicheka, lakini macho yao yote yalimgeukia mwalimu, na Mbithi alijua kwamba hawakuwa wanatania sana. Yeye mwenyewe alikuwa ameiona ile namba ikipita kichwani mwake, nzuri, ya mviringo.

"Ziwa lile lilizaliwa na volkano za majuzi tu, ukilinganisha na Uchina," alisema. "Wakati ua hili linaanguka majini, maua yalikwisha kuenea dunia nzima. Hili si babu. Ni kitukuu. Tutasema hivyo. Na mawe mawili ya gredi ya kwanza tutayabeba pia."

"Ya nini?" Dolphine aliuliza. "Tuonyeshe tulivyokosea?"

"Tuonyeshe tulivyogundua."

Ukumbi wa Kajiado ulijaa hadi pomoni. Upande wao wa kulia shule moja ilileta jiko la jua lililokaanga mayai mbele ya umati, na harufu ilivuta watu wengi kuliko hoja yoyote. Meza ya Olmoran ilikuwa na kitambaa chake cha buluu, michoro ya mmea wa Uchina, na mawe matatu tu: mawili makubwa mazuri, moja dogo. Juu yao kibandiko kiliuliza: "Lipi lilikuwa ua?"

Jaji alifika, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kabla hajafungua kinywa, Bi. Nalangu alijipenyeza kando yake akiwa amevalia suti yake ya sherehe. Alikuwa amekuja kujionea mwenyewe kama agize rafu za stoo au asiagize.

"Ahaa! Hili ndilo ua lenyewe," alisema kwa sauti ya kuwasaidia watoto, akiinua jiwe kubwa lenye mkia wa tausi. "Tazameni maajabu ya Kajiado!"

Opiyo alikohoa. Mbithi aliutazama ufagio wa ukumbi, uliokuwa umelala sakafuni bila msumari. Jaji alisubiri. Dolphine alipiga hatua mbele.

"Pole, madam," alisema. "Hiyo ni rijekti."

Mtu mmoja kwenye jiko la jua aliangusha yai. Jaji aliinama mbele. "Umejuaje?" aliuliza.

Dolphine alianza polepole, kisha maneno yakapata njia. Alionyesha ufa ambamo maji yalipita. Alionyesha kwamba hapakuwa na mishipa wala ukingo, na kwamba picha ilikata kurasa za jiwe. Alieleza kwamba wao pia waliyachagua yale mawe kama wanavyochagua waridi mashambani kwao, kwa uzuri, na jinsi ua la kweli lilivyokanyagwa kwenye njia ya jikoni.

"Petali ni kama bango la duka," alisema, akishika lile jiwe dogo. "Bango linaita wateja, lakini duka ni hili hapa ndani. Ua la Uchina halikuwa na bango, na bado lilikuwa ua, kwa sababu mbegu zake zilikuwa zimefungiwa. Kama hizi."

"Na hili lenu lina umri gani? Limelishinda la Uchina?"

Mbithi aliyaona maharagwe yakiingia mlangoni mwa klabu.

"Hapana," Dolphine alijibu. "Hatujapima, lakini ni changa sana kwa lile. Hata wale wataalamu walianza na umri mkubwa, wakaushusha walipopima tena. Tuko na kitukuu, si babu."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alimgeukia Bi. Nalangu, ambaye alikuwa bado amekumbatia jiwe lake. "Mwalimu mkuu, ulipanga kukosea vile, au ilitokea tu?"

Bi. Nalangu alinyoosha suti yake. "Tulifanya mazoezi," alisema, uso mkavu kabisa.

Jioni matokeo yalisomwa. Jiko la jua lilichukua nafasi ya kwanza, na hakuna aliyeshangaa, maana majaji walikuwa wamekula. Olmoran ilikuwa ya pili, na shule mbili za kwanza ndizo zilizokwenda Nakuru. Opiyo alimbeba Dolphine mgongoni hadi nje, na Jentrix, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini na kuketi nyuma kabisa, alipiga vigelegele ambavyo Masila aliapa baadaye kwamba alivisikia jikoni Kitengela.

Bi. Nalangu alishika ahadi yake. Hakusema neno. Lakini Jumatatu mvua ilinyesha tena, na Mbithi alipopita karibu na stoo aliona gunia moja la maharagwe limesimama chini ya tone, tone, tone. Alilitazama. Alikwenda zake hatua chache, akarudi, akamwita Opiyo washike pande mbili.

Mwalimu mkuu alipokuja kuchungulia chumba cha klabu aliwakuta wamelisimamisha kwenye ncha ya meza ya maonyesho, baada ya mchoro wa Uchina na baada ya lile ganda dogo la Mashuuru. Mbithi alikuwa amelizungusha mara kadhaa hadi mshono wake ukatazama mbele barabara.

"Nilidhani chumba ni cha sayansi," Bi. Nalangu alisema.

"Ni cha sayansi, madam. Gunia moja linatosha." Mbithi alikuwa anabandika karatasi, akiisawazisha kwa rula. "Huyu ndiye mtoto wa mwisho."

Bi. Nalangu aliinama akasoma kwa sauti: "Maharagwe. Mmea wa maua. Mbegu ndani ya ganda. Umri: msimu huu."

Nje, Masila alipita na ndoo zake mbili akielekea jikoni, akikanyaga safu ndefu ya maua meusi yaliyofunguka vizuri, yote ya gredi ya kwanza.